Bi Maureen na Mafundo Themanini na Saba

Habari za Bi Maureen Oxtoby usimwulize mwingine hapa Symi. Niulize mimi. Wengine watakwambia ni yule Mwingereza mwenye boti ya mbao na nywele kama ufagio wa nje, kisha watanyamaza, maana wamefika mwisho wa wanayoyajua. Mimi boti yake nimeifungua mbavu kwa mikono hii, nimekula maharage yake ya kopo, na nusura nizame naye. Naitwa Tsambikos, fundi wa boti, ila kisiwa kizima kinaniita Mjomba, hata padri. Shule niliiacha darasa la nne, lakini hesabu nilizaliwa nazo. Hilo la hesabu tutalirudia, usinihimize.

Bi Maureen aliendesha basi la shule mjini Hull miaka ishirini na sita. Hull, kwa maelezo yake, ni mji ambao mvua hainyeshi kutoka juu, inanyesha kwa ubavu. Kila asubuhi alihesabu vichwa vya watoto wakipanda, na mchana akavihesabu wakishuka, mara mbili, na miaka yote hiyo hakupoteza kichwa hata kimoja. Alipofika sitini akauza nyumba, mbwa akamwachia mume (au mume akamwachia mbwa, akinywa kidogo hadithi hugeuka), akanunua boti ya matanga iitwayo Marigold. Urefu mita tisa, mbao tupu, iliundwa mwaka sitini na mbili. Akashuka nayo kwenye mito na mifereji ya Ufaransa mpaka baharini kwetu, na alipoona jua la Symi akaapa kwamba mvua ya ubavu haitamwona tena. Marigold ndiyo nyumba yake. Hana nyingine, si Hull wala mahali popote. Hilo nalo liweke akilini.

Zamani Waingereza walikaa kwetu wanavyotaka. Walifika, wakatia nanga, wakazeekea hapo hapo. Kisha wenzao kule kwao wakapiga kura ya kujitoa Ulaya, na walipomaliza kushangilia wakagundua kwamba waliojitoa ni wao wenyewe, na boti zao, na likizo zao. Siku hizi Mwingereza asiye na viza anaruhusiwa siku tisini tu ndani ya kila siku mia na themanini, hapa kwetu pamoja na nchi zote za Ulaya zilizofuta mipaka kati yao. Akizidisha anapigwa faini, na jina lake likishaandikwa vibaya anaweza kukataliwa kurudi kwa miaka. Boti yake, hiyo inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi, hakuna anayeiuliza kitu. Marigold ina heshima kuliko mwenyewe. Nimemwambia hivyo mara nyingi, na kila mara amenitupia kitu.

Kwa hiyo watu wa boti wameishia kuishi kwa kwenda na kurudi. Wanakaa kwetu wiki kadhaa, wanavuka kwenda Datça upande wa Uturuki ambako siku za Ulaya hazihesabiwi, wanapumzisha kalenda yao huko, wanarudi. Kutoka bandari yetu mpaka Datça ni maili kumi za baharini. Mimi nimewahi kusikia jogoo wao akiwika, ila masikio yangu si ya kawaida.

Na kila mmoja ana namna yake ya kuhesabu. Wengine wana programu kwenye simu, wengine wanachora vijistari nyuma ya mlango wa choo. Bi Maureen alikuwa na kamba. Kamba nyembamba ya pamba, ikining'inia juu ya jiko lake, na kila alipolala usiku mmoja kwenye maji ya Ugiriki alifunga fundo moja asubuhi yake, kabla ya chai. Akilala Datça, hafungi. Fundo la tisini likifika, anaondoka. Mtu aliyehesabu watoto wa Hull bila kukosea, nani angemwambia kitu?

Sasa njoo kwenye kisa. Septemba, tarehe kumi na mbili, alirudi kutoka Datça akiwa na mafundo hamsini kwenye kamba na mpango kichwani. Ubao mmoja wa ubavuni mwa Marigold ulikuwa umeanza kuoza. Ningeubadilisha, kisha siku zilizobaki angezunguka nazo visiwani, Nisyros, Astypalaia, mpaka iishe ya mwisho. Mwaka mzima aliisubiri safari hiyo. Tulivuta boti nchi kavu kwa winchi, tukaiegemeza kwenye magogo. Bi Maureen akasimama chini yake, mikono kiunoni.

"Mjomba, kazi hii siku ngapi?"

"Kumi."

"Kumi za kalenda, au kumi za kwako?"

"Nahodha, unanivunjia heshima mbele ya boti."

Nasema kweli kabisa, nilikusudia kumi. Lakini nilipong'oa ubao ule nikakuta wa pili nao umelika, na nyuma ya wa pili mbavu mbili laini kama jibini. Mbao nzuri zikatafutwa kisiwa cha Rodos. Meli haikuja kwa sababu ya upepo. Ilipokuja, mbao zilikuwa kwenye meli nyingine. Halafu kukawa na harusi ya mpwa wangu, ambayo mtu hawezi kwenda siku moja. Halafu pweza walikuwa wengi kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Kwa kifupi, Bi Maureen alilala kwenye boti iliyo juu ya magogo, akipanda kwa ngazi na kushuka kwa ngazi, akifunga fundo kila asubuhi, na Nisyros akaiona kwenye ramani tu. Hakulalamika sana. Kila nilipofika kazini saa nne alikuwa ameshatandaza zana zangu chini kwa mstari, kubwa mpaka ndogo, kama watoto wanaosubiri basi. Niliona aibu, kidogo.

Ikafika Alhamisi, Oktoba kumi na tisa. Kazi imekwisha, na ilikuwa kazi ya kuwekwa kwenye picha, waulize. Mafundo kwenye kamba: themanini na saba. Niliyahesabu mimi mwenyewe, nikarudia kutoka upande wa pili.

"Themanini na saba, Nahodha. Umebakiza usiku tatu."

"Na mimi nimepata hivyo hivyo," akasema.

Usiku tatu tulizihitaji zote. Boti ya mbao ikikaa juani zaidi ya mwezi, mbao zinakauka na kusinyaa, na ukiishusha majini inavuja kila mahali kama kikapu. Si ugonjwa. Unaifunga kwenye gati, unawasha pampu, unasubiri. Mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinabanana, na siku ya pili au ya tatu kuvuja kunakoma kwenyewe. Basi mpango wetu: Alhamisi kuishusha, Ijumaa na Jumamosi ivimbe, Jumapili Bi Maureen agongewe muhuri wa kutoka, avuke Datça akae huko majira yote ya baridi. Jambo moja tu lilikuwa halijulikani, kama polisi wa pasipoti wanafungua Jumapili. Tukashuka wote wawili kwenda kuuliza.

Dirishani alikuwepo Evdokia. Nimemshika huyo binti kanisani akibatizwa, alinikojolea. Siku hizi ana nyota begani.

"Jumapili tupo mpaka saa sita," akasema. "Lakini nionyeshe pasipoti, mama, nikuandalie karatasi."

Akaifungua, akaanza kugusa mihuri kwa ncha ya penseli, midomo ikicheza. Akaandika kitu pembeni. Akaanza upya.

"Umesema unaondoka lini?"

"Jumapili," akasema Bi Maureen. "Nina usiku tatu bado. Nimefika themanini na saba."

"Usiku?"

"Ndiyo, usiku."

Evdokia akaweka penseli chini, polepole. "Mama, sisi hatuhesabu usiku. Tunahesabu siku. Siku ya kuingia inahesabiwa, hata ukiingia saa tano usiku. Na siku ya kutoka inahesabiwa, hata ukitoka alfajiri. Wewe umekuja mara tatu. Mei umelala usiku thelathini, hizo ni siku thelathini na moja. Julai usiku ishirini, siku ishirini na moja. Sasa hivi usiku thelathini na saba, na ukichanganya na leo ni siku thelathini na nane. Jumla tisini."

"Tisini lini?" nikauliza mimi.

"Leo, Mjomba."

Usimcheke Bi Maureen. Mtu wa boti hawezi kuhesabu vinginevyo. Bandari inamtoza kwa usiku, daftari lake la safari linaandika alipolala, na mwenzake wa boti akimuuliza umekaa hapa muda gani, anauliza umelala mara ngapi. Siku kwake ni kitu cha kupita njiani. Mpaka siku hiyo nami nilikuwa hivyo hivyo, na mimi ndiye mwenye hesabu za kuzaliwa nazo.

Bi Maureen alishika ukingo wa dirisha, akatazama mihuri yake ikiwa juu chini, na uso wake ukawa mweupe kama maziwa ya mbuzi.

"Sasa binti," nikasema, "hizi ni siku tatu tu. Nani atajua?"

"Mjomba, hapa sio karakana yako." Kisha akalainika kidogo. "Akitoka Jumapili, mwenzangu atakayekuwa zamu ataona kama nilivyoona mimi. Ataandikwa. Mwakani akija, watamrudisha. Yeye pamoja na nyumba yake ya mbao."

"Meli ya abiria ya Datça?" akauliza Bi Maureen.

"Jumamosi. Leo hakuna."

Basi ikabaki njia moja tu, na njia yenyewe ilikuwa juu ya magogo, imekauka kama mkate uliookwa mara mbili.

"Ofisi inafungwa saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa. Muhuri nitaupiga boti ikiwa majini, sio juu ya magogo. Na ukishapigwa, mama, unaondoka. Hukai gatini kunywa chai."

Saa hiyo ilikuwa saa tano na nusu. Mimi nina umri wa miaka sabini na moja, na nilikimbia. Kama kuna mtu anasema sikukimbia, alikuwa amelala. Stergos, mtu wa winchi, alikuwa anakula kamba wadogo wa kukaanga na mkate.

"Stergos, shusha Marigold."

"Nimalize sahani."

"Imalize ukiwa umesimama kwenye winchi."

"Si ulisema jioni? Mjomba, wewe tangu lini una haraka? Unaumwa?"

Bi Maureen hakungoja mtu. Alikuwa ameshapanda ngazi, anafunga kila kitu kinachoweza kuanguka, anapanga ndoo mbili nyekundu, anajaribu pampu, anaondoa ngazi. Katika mwendo wake niliona ile asubuhi ya Hull, watoto arobaini mvuani na basi linalotakiwa kuondoka saa yake. Saa saba na nusu Marigold ikateleza, ikagusa maji. Nikafungua mbao za sakafu ndani yake. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kila mshono, nyuzi nyembamba mamia, kwa sauti kama ya mtu anayenong'ona. Ubao wangu mpya peke yake ndio ulikuwa mkavu. Nilimwonyesha.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa shika ndoo."

Saa nane na robo alirudi mbio kutoka dirishani, pasipoti mkononi, muhuri wa kutoka haujakauka, tarehe kumi na tisa. Kwa upande wa sheria alikuwa msafi. Kwa upande wa bahari alikuwa na maji yaliyofika kifundo cha mguu.

Mpango wetu ulikuwa Stergos atuvute kwa mashua yake mpaka nje ya mdomo wa bandari, mimi nikikumba maji kwa ndoo na kuyarudisha baharini, kisha niruke kwenye mashua ya Stergos nirudi nyumbani, na Bi Maureen aendelee kwa injini, pampu ikimsaidia. Tulipofika nje pampu ilikohoa mara mbili, ikafa. Uchafu wa mwezi mzima ulikuwa umeziba koo lake. Stergos akasogea ubavuni.

"Mjomba, ruka."

Nikamtazama Bi Maureen. Mkono mmoja kwenye usukani, wa pili unatafuta ndoo, na mikono yake ni miwili tu. Mtu hawezi kuendesha na kukumba maji kwa wakati mmoja, hata dereva wa basi. Na siku thelathini na saba alizokaa juu ya magogo nazijua zilikwenda wapi. Nyingine zilikuwa tumboni mwangu, na mafuta ya zeituni na ndimu.

"Nenda, Mjomba," akasema. "Nitaweza."

"Nahodha, wewe nisikilize. Mimi nimeogelea kutoka kisiwa cha Nimos mpaka hapa na mbuzi mgongoni. Maji haya ni ya kunawia."

"Mbuzi gani?"

"Endesha boti."

Nikamwambia Stergos amwambie mke wangu nitachelewa chakula. Alicheka mpaka akakaa chini.

Maili kumi. Nilikumba ndoo, nikazihesabu mpaka mia tatu na arobaini, nikapotea, nikaanza tena. Maji yalipanda mpaka vitabu vyake vya rafu ya chini vikaanza kuelea, akavitazama tu, akaendelea kushika njia. Karibu na nusu ya njia aliniuliza, bila kugeuka:

"Ile siku uliyoniambia meli ya mbao haijafika. Ilikuwa haijafika kweli?"

Nikatupa ndoo moja baharini, na nyingine.

"Ilikuwa imefika saa nne asubuhi," nikasema. "Niliichukua kesho yake. Pweza walikuwa wengi."

"Walikuwa watamu," akasema. "Uliniletea wawili."

Hilo ndilo karipio pekee nililopata kwake kwa safari nzima ya Nisyros ambayo hakuisafiri. Afadhali angenitukana. Nilikumba kwa nguvu zaidi.

Tuliingia Datça jua likiwa bado juu ya kilima, boti imekaa chini kama nyati kwenye tope. Wakala wao wa bandari, Nevzat, mtu mwenye masharubu na subira, alikuja gatini na karatasi zake. Akagonga za Bi Maureen upesi. Kisha akanigeukia.

"Baba, pasipoti."

Nikajipapasa. Nilikuwa na suruali ya kazi, patasi moja, na nusu ya mkate wa Stergos.

"Kitambulisho basi."

"Kiko nyumbani. Kwenye suruali ya kanisani."

Nevzat akavuta pumzi. "Baba, bila karatasi siwezi kukuingiza Uturuki. Huna muhuri wa kutoka kwenu, huna wa kuingia kwetu. Wewe sasa hivi hupo popote."

"Nipo hapa, si unaniona?"

"Nakuona. Ndiyo maana nakuomba usishuke. Kaa ndani ya boti. Piga simu kwenu wakilete kitambulisho kwa meli ya Jumamosi, nitakutoa."

Bi Maureen akageuza uso upande wa milima. Mabega yake yakaanza kutikisika. Tangu asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

"Mjomba," akasema, "umebakiza siku ngapi?"

Nikakaa, basi. Mimi ambaye wote kwenye gati wananijua, nilikaa ndani ya mita tisa za mbao nikitazama watu wa Datça wakitembea kwa miguu yao na kununua lozi. Bi Maureen alisafisha koo la pampu kwa uma, ikafanya kazi, ikachoka, nikaishika ndoo, ikapona. Maharage ya kopo asubuhi, maharage ya kopo mchana. Alishuka mjini akaniletea mkate, akanieleza bei za nyanya na jinsi msikiti ulivyo, kama mtu anayemsomea mgonjwa gazeti. Ijumaa mchana maji yalianza kupungua. Jumamosi asubuhi nilifungua sakafu, nikatia kidole kwenye kila mshono. Marigold ilikuwa imevimba, imebanana, kavu kama mdomo wa padri Ijumaa Kuu. Nilimwita Bi Maureen aje atie kidole chake mwenyewe.

Meli ya abiria ilifika na kitambulisho changu ndani ya bahasha, na kipande cha karatasi kutoka kwa mke wangu Sevasti: *Chakula chako cha Alhamisi nimempa paka. Njoo kabla sijampa na kitanda.*

Nevzat akanigonga kuingia na kutoka kwa pumzi moja. Pale gatini Bi Maureen alikuwa ameshika ile kamba yake, anafungua mafundo moja moja kwa kucha, yote themanini na saba. Akakata kipande kifupi mwishoni, akafunga juu yake mafundo matatu, akanipa bila kusema cha maana, isipokuwa kwamba atarudi masika, na kwamba safari hiyo atakuja na kalenda, na kwamba Nisyros ataiona kwanza kabla ya kuniona mimi.

Alirudi, Aprili kumi na sita, pasipoti safi. Akapita bandarini kwetu bila kutia nanga, akanipungia mkono kutoka mbali akielekea Nisyros, na nilimwona vizuri sana, maana macho yangu nayo si ya kawaida.

Lakini turudi Jumamosi ile: nilishuka kwenye meli Symi, nikasimama mbele ya dirisha la Evdokia, kitambulisho mkononi. Alishasikia kila kitu, kisiwa kizima kilishasikia, Stergos ana mdomo.

"Mjomba, ulitoka bila kuaga. Umekaa nje muda gani?"

Nilitaka kusema usiku mbili. Nikaipapasa ile kamba mfukoni.

"Siku tatu, binti. Ya kutoka inahesabiwa, na ya kurudi pia."

Akaandika tatu.